Kadi ya Fagia

Koti lenyewe lilikuwa la fagia. Anayenunua mitumba hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Robota likikatwa kamba, wa kwanza huondoka na kamera, nguo isiyo na doa wala uzi uliochomoka. Wanaofuata huchagua za wastani. Jua linapoelekea Suswa hubaki fagia, lile rundo la chini kwenye turubai ambalo mwenye mali anataka tu limwondokee. Mama anayeuza mitumba hapa Ewuaso Kedong alinirushia koti akasema, "Mwalimu, hili nipe mia mbili, nisilipandishe tena Ngong." Nikampa. Upepo ulikuwa unashuka kutoka vilimani, na vumbi la bonde letu, lile linalofanana na majivu ya jikoni, lilikuwa limeshaanza kuingia machoni.

Nyumbani nikapapasa kitu kigumu katikati ya kitambaa na bitana. Mfuko wa ndani ulikuwa umetoboka, kitu kikadondokea chini kabisa kwenye pindo. Nikafumua pindo kwa wembe. Ikatoka kadi ya karatasi ngumu, kubwa kidogo kuliko kitambulisho cha taifa. Kingo zake zimechapishwa mfano wa ubao, mistari ya mti inaonekana kabisa, na katikati yupo mwanamume wa Kimarekani aliyevaa sare ya besiboli ya timu ya Pittsburgh Pirates. Kona moja ilikuwa imekunjika, na mkunjo mweupe ulipita begani mwake kama kovu. Nyuma, kwenye karatasi ya kijivu, zimeandikwa kimo chake, uzito wake, tarehe na mahali alipozaliwa, mkono anaorushia mpira, na jedwali la kila msimu aliocheza, kwa herufi ndogo kama za Biblia ya mfukoni. Kampuni: Topps. Mwaka: 1987. Jina lake siliandiki, maana nadhani hata Pittsburgh wengi wameshamsahau.

Kijana wangu wa kidato cha tatu aliitazama, akafungua simu, akapiga mluzi. "Baba, hizi zinauzwa mabilioni." Hakuwa anadanganya. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle wa New York Yankees, ya kampuni hiyohiyo ya Topps, iliyochapishwa 1952, ilinadiwa Marekani kwa dola milioni 12.6. Kwa shilingi zetu za wakati huo ni kama bilioni moja na nusu. Mwenyewe alikuwa ameinunua kwa dola 50,000 mwaka 1991.

Kwa siku tatu nililala na kadi yangu imebanwa ndani ya kamusi, na nilikuwa nimeshagawa hizo pesa: tangi la maji, uzio wa shule, na ng'ombe ambao sitawataja idadi. Siku ya nne nikaanza kusoma historia ya kadi hizi. Nilichokitafuta sikukipata, ila nilikuta kitu kingine ambacho kilinirudisha hapahapa Kajiado.

Habari inaanzia kwenye tumbaku. Marekani ya miaka ya 1870 sigara zilisokotwa kwa mkono na kuuzwa katika pakiti laini za karatasi, ambazo mfukoni zilibonyea na sigara zikavunjika. Watengenezaji wakatia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti kuishikilia. Kisha mtu akafikiri: kipande kile kipo tu, mbona tusichape picha? Allen & Ginter, kampuni ya Richmond huko Virginia, mwaka 1887 ilitoa picha 50 za mabingwa wa dunia: wachezaji wa besiboli, mabondia, wapiga makasia, walenga shabaha. Mvutaji akishapata mabingwa ishirini anataka thelathini waliobaki, na njia ni moja, kuvuta zaidi. Watoto wakawa wanasimama nje ya maduka ya tumbaku wakiwaomba wanaume wazima picha.

Huko North Carolina kulikuwa na James Buchanan Duke, mtu asiyekubali kugawana soko na mwenzake. Alikodi mashine mpya ya kijana mmoja aitwaye James Bonsack, ambayo kwa siku moja ya kazi ilisokota sigara kama 120,000, kazi ya mikono ya watu wengi mno. Sigara zikafurika, bei ikashuka, wapinzani wakalemewa. Mwaka 1890 Duke akaziunganisha kampuni tano kubwa, Allen & Ginter ikiwemo, zikawa American Tobacco Company. Alipowameza wa nyumbani akavuka bahari kwenda Uingereza. Waingereza nao wakaungana wakaunda Imperial Tobacco ili wamkabili. Wakapigana kwa bei mpaka wote wakachoka, na mwaka 1902 wakaketi wakagawana dunia: wewe kaa kwako, mimi nikae kwangu, na kwingineko kote tuuze pamoja kwa kampuni moja. Kampuni hiyo ya tatu ndiyo British American Tobacco. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Duke.

Hiyo BAT ilifika Mombasa mwaka 1907. Kwa hiyo pakiti ya sigara za Sportsman yenye kichwa cha farasi, ambayo babu yangu aliiweka nyuma ya redio yake, ni ya ukoo mmoja na kadi ghali kabisa za besiboli. Ndani ya Sportsman ya babu sikuwahi kukuta picha ya mwanamichezo yeyote. Uingereza kwenyewe kadi za sigara zilikoma 1940, vita vilipofanya karatasi iwe adimu, na hazikurudi tena kama zilivyokuwa.

Miaka miwili baada ya BAT kutia nanga Mombasa, American Tobacco ilianza kutoa mfululizo mkubwa wa kadi, 524 kwa jumla, uliotoka kati ya 1909 na 1911 ndani ya pakiti za sigara kama Piedmont na Sweet Caporal. Leo mfululizo huo unaitwa T206. Ni vikadi vidogo, vya kuenea kiganjani, vyenye rangi kama za kalenda ya zamani. Kati ya hao 524 yupo Honus Wagner, mtoto wa wahamiaji wa Kijerumani, mchezaji wa Pittsburgh Pirates, timu ileile ya mtu wangu wa mfukoni.

Wagner alikataa. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya picha yake. Wengine wanasema alitaka alipwe. Mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku, kwa hiyo kila mtu achague sababu anayoipenda. Vyovyote iwavyo, alisema picha yake isitumike, na kampuni kubwa kuliko zote za tumbaku duniani ikasimamisha mashine. Zilizokuwa zimeshatoka ni chache. Leo zinazojulikana hazifiki sitini au zinakaribia hapo, na mwaka 2021 moja iliyochakaa vya kutosha iliuzwa kwa dola milioni 6.6.

Hapo ndipo niliweka simu chini. Miaka ya 1909 hadi 1911 ina maana nyingine kwetu. Kwa mkataba wa 1904 Wamasai walikuwa wameondolewa katika Bonde la Ufa la kati, Naivasha na Nakuru, ardhi ikawa ya walowezi, nao wakagawanywa sehemu mbili, Laikipia kaskazini na hifadhi ya kusini. Waliahidiwa barabara ya upana wa nusu maili kuunganisha pande mbili, na maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya jando. Waliahidiwa pia kwamba makubaliano yatadumu muda wote ambao Wamasai watakuwapo. Mwaka 1911, laiboni Olonana alipofariki, serikali ikaleta karatasi nyingine: Laikipia nayo itoke. Parsaloi ole Gilisho, mmoja wa viongozi wao, alipinga. Alama za vidole zikawekwa kwenye karatasi, watu wakaswagwa na mifugo yao kuja kusini, wengi wakifa njiani. Kesi ikapelekwa mahakamani, ile inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, na mwaka 1913 ikatupwa. Majaji walisema mkataba ule ni jambo la dola na dola, mahakama haina mamlaka nalo.

Mcheza mpira mmoja alisema hapana kuhusu picha yake na mitambo ikazimwa. Taifa zima lilisema hapana kuhusu nyumbani kwake. Na katika miaka hiyohiyo picha za morani wa Kimasai zilikuwa zikichapishwa kwa wingi kwenye postikadi na kuuzwa Mombasa, Nairobi na Ulaya, mikuki mkononi, bila jina. Chini yake huandikwa tu "shujaa wa Kimasai". Hakuna kimo, hakuna uzito, hakuna alikozaliwa. Postikadi hizo nazo zina wakusanyaji wake leo, na zina mnada wake.

Turudi Marekani. Mahakama ya juu ya huko iliivunja American Tobacco mwezi Mei 1911 kwa kosa la kuhodhi soko, na T206 ikaisha nayo. Kadi zikasahauliwa kwenye masanduku ya biskuti na darini. Aliyeziokoa alikuwa fundi wa kiwanda cha vifaa vya umeme huko Syracuse, jimbo la New York, kwa jina Jefferson Burdick. Hakuwa tajiri, hakuoa, na wala hakuwa mpenzi mkubwa wa besiboli. Alipenda karatasi zilizochapwa: lebo za makopo, kadi za salamu, matangazo ya sabuni, na kadi za sigara. Mwaka 1939 alitoa katalogi yake, na baadaye akaipa kila familia ya kadi herufi na namba. T ni tumbaku ya karne ya 20. 206 ni zamu tu ya kwenye orodha. Mtu anayelipa mamilioni kwa T206 analipa kwa lugha ya fundi yule.

Burdick alikuwa na ugonjwa wa viungo uliozidi mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaanza kuzikabidhi kadi zake zaidi ya 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, akaenda mwenyewe kuzibandika kwenye albamu, moja moja, kwa vidole vilivyokuwa vikikakamaa. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Januari 1963 alibandika ya mwisho, akavaa koti lake akaondoka, na miezi miwili baadaye akafa. Wagner wake naye alimbandika kwa gundi, jambo ambalo mkusanyaji wa leo akilisikia hushika kichwa.

Baada ya tumbaku ikaja chingamu. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilianza kuuza kadi na chingamu pamoja, sasa mteja akawa mtoto mwenyewe. Topps ya Brooklyn ikaingia kwa nguvu 1952, kwa kadi kubwa zilizobuniwa na mfanyakazi wake Sy Berger kwenye meza ya nyumbani. Mickey Mantle alikuwa namba 311, katika fungu la mwisho la msimu. Fungu hilo lilichelewa kutoka, watoto walikuwa wamehamia mchezo mwingine, na masanduku yakabaki ghalani. Berger alijaribu kuyauza kwa bei ya kutupa, hakupata mtu. Mwaka 1960 akayapakia kwenye tishari, wakayavuta mpaka baharini, wakayamwaga katika Atlantiki. Alisimama akiangalia yakizama. Watoto wengi waliokuwa wamenunua kadi walikua, wakaenda jeshini au chuoni, na mama zao wakasafisha vyumba.

Bila tishari lile na mafagio ya akina mama wale, Mantle asingefika milioni 12.6. Mwenye mbuzi wa Kiserian anaelewa hili haraka kuliko mwanauchumi: ukame ukipita, aliyebakiwa na wachache ndiye anayetaja bei.

Na hapo ndipo habari ya kadi yangu inapoharibika. Katika miaka ya 1980 watoto wale wa 1952 walikuwa watu wazima wenye mishahara. Wakaanza kutafuta utoto wao, bei zikapanda, magazeti yakaandika. Wamarekani wakaambiana kwamba kadi ni akiba kama hisa. Kila mtu akanunua, na kila mtu akaweka. Viwanda vikachapa usiku na mchana. Sanduku halikufunguliwa, liliwekwa chini ya kitanda likiwa na nailoni yake, lisubiri mtoto aende chuo kikuu. Kadi za 1987 zenye kingo za ubao ni za enzi hiyo hasa. Zilikuwa kadi 792, kila moja ikachapwa kwa wingi usio na mfano, na hakuna mama aliyezitupa. Wakusanyaji wenyewe huita enzi hiyo takataka ya karatasi ya nta, kwa kuwa pakiti zake zilifungwa kwa karatasi iliyopakwa nta. Bei ya mtu wangu wa Pittsburgh ni senti chache za dola, akiwa mzima. Naye si mzima.

Neno "mzima" ndilo lililonipeleka kwenye upande mwingine wa biashara hii, ule wa kupima daraja. Mpaka miaka ya 1980 muuzaji ndiye aliyesema kadi yake ni nzuri kiasi gani, kama vile muuza mitumba ndiye anayesema hii ni kamera. Nani amewahi kumsikia akiita yake fagia kabla ya saa kumi na moja jioni? Kiserian kwenye soko la mbuzi ni vilevile. Mnunuzi anafunua midomo ahesabu meno, anabonyeza kiuno kwa vidole vinne kuona kama kuna nyama juu ya mfupa, anainua mkia, kisha anakunja uso hata kama amempenda. Kila mmoja anapima kwa faida yake, na kelele zinazofuata ndizo bei.

Mwaka 1991 ikaanzishwa huko California kampuni ya PSA, ambayo kazi yake ni kuwa mtu wa tatu. Unaituma, wanaiangalia kwa lenzi: kona nne, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati au imeegemea upande. Wanapima kama imekatwa, imepakwa rangi, imepigwa pasi. Wakimaliza wanaipa namba kuanzia 1 hadi 10, wanaifungia ndani ya kibao cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa, juu wanaweka lebo. Kuanzia hapo hakuna anayeigusa kadi tena. Kinachouzwa ni kadi na neno la aliyeipima. Kati ya 9 na 10 jicho langu halioni tofauti, lakini bei inaweza kuzidi mara kumi. Kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya 1986, yenye namba 10, ilifika dola 738,000 Januari 2021; zile zenye namba za chini hazikukaribia hapo hata kidogo.

Jina la kijiji chetu limebeba neno enkidong', kibuyu cha laiboni ambamo hutikisa vijiwe vyake vya kupigia ramli. Watu walitoka mbali kuja kusikiliza vijiwe vilisema nini, na laiboni akishasema, ng'ombe walihama. Nilipoona picha za watu waliovaa glavu wakiinamia kadi chini ya taa, nilicheka peke yangu.

Kwa sababu kadi ya kwanza kabisa iliyopimwa na PSA, namba ya usajili 1, ilikuwa na uongo ndani yake. Ni Wagner wa T206. Mwaka 1985 mfanyabiashara Bill Mastro aliinunua kwa dola 25,000. Mwaka 1987 akaiuza kwa dola 110,000. Mwaka 1991 ikanadiwa Sotheby's, wakainunua bingwa wa hoki ya barafu Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall kwa dola 451,000, na PSA ikaipa 8, alama ambayo Wagner mwingine yeyote haikaribii. Baadaye ikatolewa zawadi ya bahati nasibu ya duka kubwa. Mfanyakazi wa posta wa Florida akaishinda, akashindwa kulipa kodi yake, akaiuza. Ikapita mikono mpaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Miaka yote hiyo watu wa biashara walinong'ona kwamba kona zake ni kali mno kwa kitu kilichokaa ndani ya pakiti ya sigara. Mwaka 2013, akiwa mahakamani kwa kesi ya ulaghai wa minada, Mastro alikiri: alikuwa ameipunguza kingo kwa kukata. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Kadi ingali na lebo yake ya 8, na mwenyewe hajaitupa.

Sikuituma yangu. Ada na posta vingezidi bei ya koti mara nyingi, na kona ile iliyokunjika inaonekana hata na mtu aliyesimama mlangoni.

Kijana wangu hakukata tamaa. Akauliza kama hakuna kadi za watu wetu. Zipo. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, futi saba na inchi tatu, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya kikapu ya NBA mwaka 2009, na Memphis Grizzlies. Aliyemfuata wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry. Wote wamo katika kadi za msimu uleule wa 2009–10, karatasi ileile, mitambo ileile. Aliyenunua pakiti siku ile akamtoa Thabeet alifurahi, maana namba mbili ni namba mbili. Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ya chini kupata uzoefu, akazunguka timu tatu nyingine, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imeisha. Kadi ya kwanza ya Curry iliyopata 10 inaweza kununua gari. Ya Thabeet inanunua chakula cha mchana. Mimi ningeichukua ya Thabeet. Mtanzania wa kwanza kufika NBA hapatikani mara mbili, na anayepima kwa namba hajaulizwa Dar es Salaam wanasemaje.

Lakini ule mwaka wa 1987 haukuniachia. Nilikuwa na miaka tisa. Agosti, Nairobi ilipokea Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Kasarani, na baba yangu alishuka na lori la mawe mpaka mjini, akarudi baada ya siku mbili sauti imemkauka. Harambee Stars walifika fainali wakafungwa na Misri bao moja kwa bila. Wiki chache baadaye, huko Roma, Kenya ilichukua dhahabu tatu katika mashindano ya dunia ya riadha: Paul Kipkoech mita 10,000, Douglas Wakiihuri marathoni, na mita 800 akashinda Billy Konchellah, Mmasai wa Trans Mara, kwa dakika 1:43.06. Tuliisikia kwa redio ya Sauti ya Kenya, betri zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu za jioni. Desemba Gor Mahia wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, 2–2 ugenini na 1–1 nyumbani, kwa faida ya mabao ya ugenini. Kenya haijawahi kuwa na mwaka mwingine kama huo.

Mwaka huohuo Topps iliwachapa mamia ya wanaume wa besiboli, hata yule wa akiba aliyegusa mpira mara chache, kila mmoja na kimo chake na mji wake. Mmoja wao amesafiri ndani ya robota, amepita bandarini Mombasa na Gikomba na Ngong, amefika Ewuaso akiwa na habari zake zote mgongoni. Dukani hapa hapakuuzwa kadi ya Konchellah. Wala ya Daniel Rudisha, aliyeleta fedha ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne kutoka Mexico 1968, na ambaye mwanawe David alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa.

Tiketi ya baba ya Kasarani niliiona mara ya mwisho ndani ya kikombe cha bati juu ya kabati. Ilikuwa na rangi, na tundu la mlangoni. Msimu mmoja wa mvua kuni zilikuwa mbichi, na mimi ndiye niliyetumwa kuwasha moto.

Msomaji, kama kwenu kuna tiketi ya 1987, programu ya mechi, picha ya timu ya shule, au ukurasa wa gazeti wenye Konchellah akivuka mstari, itoe kwenye kikombe au chini ya godoro. Andika nyuma yake kwa penseli, si kalamu ya wino: nani, wapi, mwaka gani. Kisha iweke ndani ya bahasha, mbali na jiko.